Glayeli za arusi: tuhesabu siku, tuchunge vitunguu
(Maneno yaliyosemwa mu mukutano wa muungano)



Leo tuzungumuze juu ya glayeli, lile ua la shina refu lenye majani kama upanga. Wengine wanasema ni ua la Wazungu. Hapana: aina mingi za glayeli asili yake ni Afrika, zinaota hata ku pori.

Sisi tuliorudi tulikuta nyumba zimeanguka. Haifai tena tuingie mu deni juu ya maua ya siku moja. Lakini arusi bila maua, familia inasikia haya. Basi tupande wenyewe, nyuma ya nyumba. Musiondoe maharagi juu ya maua!

Toka kupanda mpaka kuchanua ni siku 70 mpaka 100. Ku milima ya Masisi baridi inachelewesha. Walikale, kwenye joto, inaenda mbio. Arusi ikiwa katikati ya mwezi wa 8, pandeni mwezi wa 5, kwa mafungu matatu, kila moja wiki moja nyuma ya lingine. Fungu moja likikosa siku, lingine litaipata. Shimo sentimita 10, nafasi 15. Mvua ikikatika, mumwangilie maji.

Kateni asubuhi, ua la chini likianza tu kuonyesha rangi; mengine yatafunguka mu maji. Mu safari yasimame ndani ya ndoo: yakilala, ncha inapinda. Ku mulango wekeni migomba kama kawaida, glayeli zibaki ku meza ya maarusi, ndefu nyuma, fupi mbele.

Sasa neno kubwa: kitunguu. Wakati wa kukata, acheni majani 4 ili kitunguu kikule. Kisha wiki 6 hivi, chimbueni, kausheni, wekeni ku kikapu penye hewa. Hata shamba likiwa la kukodi, hata tukilazimika kuhama tena, ile mbegu inabebeka.

Naomba muungano uweke kikapu cha pamoja. Anayepewa vitunguu 20, kisha arusi arudishe 20. Vitoto vinavyozaliwa pembeni ni vyake. Vitachanua kisha misimu miwili ao mitatu.

Mwenye binti wa kuolewa mwezi wa 12, ajiandikishe kwa karani mbele mwezi wa 9 uanze.