Jean-Marie Seroney na Kinga ya Bunge



Mmeniomba nizungumze juu ya maisha ya mbunge mpinzani. Nimemchagua mtu aliyeendesha sehemu kubwa ya upinzani wake akiwa ndani ya chama kilichotawala, na mwishowe akiwa amekalia kiti cha Naibu Spika. Huyo ni marehemu Jean-Marie Seroney, Mbunge wa Tinderet, mwanasheria kama sisi.

Seroney aliingia katika siasa za taifa mwanzoni mwa miaka ya sitini, kupitia chama cha KADU kilichopigania serikali za majimbo. KADU ilipojivunja mwaka 1964, wabunge wake walivuka na kujiunga na KANU. Mwaka 1969 chama cha KPU kilipigwa marufuku, na Wakenya wakabaki na chama kimoja hata kabla ya sheria kusema hivyo. Tangu hapo, aliyetaka kuikosoa Serikali Bungeni alilazimika kuikosoa akiwa mwanachama wa chama chake.

Mwaka huo huo Seroney alitangaza Azimio la Nandi Hills, lililodai kwamba ardhi ya Nandi ni ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi, akapatikana na hatia, akatozwa faini. Kumheshimu marehemu hakututaki tumpake mafuta. Malalamiko ya watu walionyang'anywa ardhi na wakoloni yalikuwa ya haki; lakini fikira kwamba wilaya ni mali ya kabila moja ni fikira ya hatari, na Bonde la Ufa limeilipia kwa damu mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Hata hivyo, angalieni jambo moja: mwaka 1969 alisomewa mashtaka, akajitetea mbele ya hakimu, akajua adhabu yake. Miaka sita baadaye hakupewa hata hayo.

Mwaka 1975 ulianza vibaya. Mwezi Machi, J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo. Masinde Muliro, aliyekuwa Waziri, alipiga kura pamoja na waliotaka ripoti ya kamati hiyo ikubaliwe, akafutwa kazi.

Tarehe 9 Oktoba, Seroney akiwa kitini, Martin Shikuku wa Butere alisema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Upande wa Serikali ukainuka kwa hasira, ukimtaka athibitishe maneno yake. Uamuzi wa Seroney ulikuwa mfupi: hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi. Tarehe 15 Oktoba wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakatiwa kizuizini. Mzee Kenyatta akawaonya waliobaki kwa mfano wa mwewe aliye angani, tayari kuwashukia vifaranga.

Hapa ndipo mwanasheria anapopaswa kutulia na kuuliza: je, wabunge hawakuwa na kinga? Walikuwa nayo. Sheria ilisema mbunge hatashtakiwa mahakamani kwa maneno aliyoyasema Bungeni. Na kweli, Seroney hakushtakiwa. Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma ilimwezesha mwenye mamlaka kumfungia mtu bila mashtaka na bila kesi. Kinga ya Bunge ilifunga mlango wa mahakama. Kizuizi kilipita dirishani. Mtu aliyekingwa dhidi ya hakimu alitwaliwa na askari, na yule hakimu, ambaye pengine angemwachilia, hakuulizwa neno.

Waliofuata ni wengi. Mwaka 1976 Chelagat Mutai, Mbunge kijana wa Eldoret Kaskazini, alifungwa jela. Mwaka 1977 George Anyona wa Kitutu Mashariki aliwekwa kizuizini. Kila mmoja alipochukuliwa, wengi wa wenzake walinyamaza, kila mtu akitumaini kwamba mwewe atamwona jirani yake kwanza.

Seroney na Shikuku waliachiliwa Desemba 1978. Shikuku alirudi Bungeni, na mwaka 1991 akawa miongoni mwa waasisi wa FORD. Seroney hakurudi tena. Mwezi Juni 1982 Bunge lenyewe liliingiza kifungu cha 2A katika Katiba, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Jambo aliloliona wazi mwaka 1975 likawa limeandikwa na wabunge kwa mikono yao. Alifariki mwaka huo huo.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kifungu cha 2A kilifutwa mwaka 1991. Mamlaka ya kumfungia mtu bila kesi yaliondolewa mwaka 1997. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 117, inalinda uhuru wa kusema Bungeni. Hayo ni matunda ya jasho la wengi.

Nawasihi msiyahesabu matunda hayo kuwa ukuta usioweza kubomoka. Seroney naye alikuwa na sheria upande wake. Alichokikosa ni wenzake wa kutosha waliokuwa tayari kusimama siku ya tarehe 16 Oktoba na kukataa kuendelea na shughuli yoyote mpaka Naibu Spika wao arudishwe kitini au afikishwe mahakamani. Kwa hiyo mbunge wenu akija kuwaomba kura, msimwulize tu barabara na zahanati. Mwulizeni pia: siku mbunge usiyekubaliana naye atakapotwaliwa langoni, utasimama?