Goti Kwanza, Kisu Baadaye: Mhadhara kuhusu Upasuaji wa Kutengeneza Gegedu



Mwaka 1743, huko London, daktari kijana kutoka Uskoti, William Hunter, aliwasilisha andiko kuhusu muundo na maradhi ya gegedu la viungo. Hoja yake iliyodumu kuliko zote ni hii: gegedu likishaharibika, haliponi. Karne karibu tatu zimepita. Tumejifunza kubadilisha goti zima kwa chuma na plastiki, lakini neno la Hunter bado limesimama. Kila upasuaji nitakaoueleza leo ni jaribio la kulijibu, na hoja yangu ni kwamba jibu bora huanza kwa kulichagua goti kabla ya kuchagua mbinu.

Gegedu la goti ni tabaka jeupe, laini na linalong'aa, linalofunika ncha za mifupa pale paja linapokutana na goko, pamoja na upande wa ndani wa pia ya goti. Katika sehemu nyingi unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Sehemu kubwa yake ni maji. Yanayosalia hasa ni nyuzi za kolajeni zilizofumana, na kati yake proteoglikani, molekuli zinazovuta maji na kuyashikilia. Ukikanyaga, maji hayo hubanwa lakini hayatoki upesi, hivyo uzito wa mwili husambaa juu ya eneo pana badala ya kuugandamiza mfupa mahali pamoja.

Ndani ya gegedu hamna mshipa wa damu wala neva. Seli zake ni chache, nazo hupata chakula kutoka kwenye ute wa kiungo. Ngozi ikikatwa, damu huganda, seli za kukarabati hufika, na kidonda hufunga. Gegedu likipasuka bila mfupa kuguswa, damu haifiki, na mchakato huo hauanzi kabisa. Kukosa neva nako kuna gharama: mchezaji anaweza kuendelea kucheza akiwa na shimo gotini, hadi mfupa wa chini yake unapoanza kulemewa.

Mtaani husemwa kwamba goti linalolia limekaukiwa ute, na mgonjwa hushauriwa kula bamia au kunywa supu ya kongoro. Ni vyakula vizuri, lakini tumbo huvimeng'enya kama chakula kingine chochote. Havitoki kwenye sahani vikaenda gotini. Tena goti lenye gegedu lililoharibika mara nyingi huvimba kwa kujaa maji kupita kiasi. Tatizo ni tundu katika tabaka lisilojua kujiziba.

Njia ya kwanza ya kuliziba tundu hilo ni kuita damu. Mwaka 1959, Kenneth Pridie wa Bristol, Uingereza, alieleza namna ya kutoboa mfupa ulio chini ya gegedu lililokwisha. Katika miaka ya 1980, Richard Steadman wa Marekani aliiboresha njia hiyo. Kwa kutumia kamera nyembamba iliyoingizwa gotini, daktari husafisha kingo za shimo na kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa, kimoja milimita 3 hadi 4 kutoka kingine. Uboho hutoka pamoja na seli shina, damu huganda ndani ya shimo, na baada ya miezi kadhaa hujengeka kovu gumu lenye nyuzi. Kovu hilo si gegedu la asili. Hubeba mzigo kwa muda, lakini huchakaa mapema zaidi.

Njia ya pili ni kuhamisha. Mapema katika miaka ya 1990, László Hangody wa Budapest alianza kuchukua vigingi vidogo vya mfupa vikiwa na gegedu lake juu, kutoka pembezoni mwa goti lilelile mahali pasipobeba uzito mkubwa, na kuvipanga ndani ya shimo. Gegedu linalopandikizwa ni la kweli. Kikwazo ni kwamba mahali pa kuchukua ni padogo, kwa hiyo njia hii hufaa mashimo madogo.

Njia ya tatu ni kupanda. Mwaka 1987, huko Gothenburg, Uswidi, Lars Peterson, Mats Brittberg na wenzao walianza kuchukua kipande kidogo cha gegedu zima la mgonjwa, kuzikuza seli zake maabara kwa wiki mbili hadi tatu, kisha kuzirudisha gotini chini ya utando wa mfupa ulioshonwa juu ya shimo. Matokeo yao ya wagonjwa 23 yalichapishwa Oktoba 1994. Kati ya 16 waliokuwa na shimo kwenye mfupa wa paja, 14 walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana baada ya miaka miwili. Kati ya 7 ambao shimo lao lilikuwa kwenye pia ya goti, waliofikia hapo ni 2 tu. Dunia ilishangilia ile 14 kati ya 16. Mimi huwaomba wanafunzi wangu waanze na 2 kati ya 7, kwa sababu hapo ndipo goti lilipotuonya tangu mwanzo: seli zilezile, mikono ileile, mahali tofauti, matokeo tofauti.

Hata hivyo, wagonjwa 23 wasio na kundi la kulinganishwa nao hawatoshi kuthibitisha tiba. Madaktari wa Norway walifanya kilichopasa kufanywa. Waliwagawa wagonjwa 80 kwa bahati nasibu: 40 wakapandikizwa seli, 40 wakatobolewa mfupa. Baada ya miaka miwili, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu na mbinu ya gharama kubwa haikuishinda ile rahisi. Baada ya miaka mitano ilikuwa vivyo hivyo. Walipowafuatilia kwa takriban miaka 15, bado hapakuwa na tofauti ya kutegemewa kitakwimu, na karibu nusu ya wagonjwa walionyesha kwenye eksirei dalili za awali za kuchakaa kwa kiungo.

Haki inatutaka tutaje na upande wa pili. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 144, ulichukua mashimo makubwa pekee, ya sentimita 3 za mraba au zaidi, na kutumia seli zilizooteshwa juu ya utando wa kolajeni. Katika mashimo hayo, seli zilileta nafuu kubwa kuliko kutoboa mfupa. Tukizisoma tafiti hizi mbili pamoja, funzo ni moja: kabla ya kuuliza mbinu ipi ni bora, uliza ni bora kwa shimo la ukubwa gani, mahali gani, katika goti la nani.

Goti la nani, maana shimo haliishi peke yake. Kano inayofunga paja na goko katikati ya goti ikiwa imekatika, mfupa wa paja huteleza juu ya goko na kulisugua pandikizi. Meniskasi, yaani mto ulio kati ya mifupa hiyo miwili, ikiwa imeondolewa, mzigo wote huangukia gegedu. Mguu ukiwa na matege, uzito huelemea upande wa ndani wa goti kila hatua, na hili si geni kwetu: katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru, ambako maji yana fluoridi nyingi, wako watoto wanaokua na mifupa iliyopinda. Fundi wa barabara anayeziba shimo bila kurekebisha mtaro unaomwaga maji hapo atarudi baada ya masika. Daktari naye anyooshe mguu, arudishe kano, ahifadhi meniskasi, ndipo alishughulikie shimo, au afanye yote pamoja.

Yako pia magoti ambayo hayafai upasuaji wa aina hii kabisa. Mzee ambaye gegedu lake limesagika pande zote hana shimo la kuzibwa. Ana kiungo kizima kilichochoka. Mwaka 2002, madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wenye magoti ya namna hiyo. Baadhi walisafishwa goti kwa kamera, baadhi wakaoshwa tu, na wengine wakachanjwa ngozi bila kufanyiwa chochote ndani. Kwa miaka miwili, waliofanyiwa upasuaji wa kweli hawakuwashinda waliochanjwa ngozi tu. Kumtoza mzee huyo fedha ya kusafishwa goti ni kumdhulumu. Anachohitaji ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito, dawa za maumivu zinazosimamiwa vizuri, na wakati ukifika, goti la bandia.

Mwisho kuna kazi inayoanza mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji. Baada ya kutobolewa mfupa au kupandikizwa seli, kwa kawaida mguu hautwishwi uzito kamili kwa wiki 6 hadi 8. Goti hukunjwa na kukunjuliwa kila siku, kwa sababu mwendo ndio unaozungusha ute unaolisha seli changa. Kurudi uwanjani kunaweza kuchukua miezi 9 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Kijana anayeishi kwa kuendesha bodaboda ataishije wiki 8 juu ya magongo? Swali hilo ni la kitabibu, na liulizwe kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa. Mbinu bora duniani itaharibiwa na mgonjwa aliyelazimika kurudi kazini wiki ya tatu.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa chuo hiki na kwa taifa. Tufundishe wataalamu wa fiziotherapia kwa bidii ileile tunayowafundishia wapasuaji, na tuwapeleke hadi hospitali za wilaya. Tuanzishe daftari la kitaifa la majeraha ya goti, linaloandika ukubwa wa shimo, mahali lilipo, mbinu iliyotumika na hali ya mgonjwa mwaka hadi mwaka. Na tusione haya kutumia mbinu rahisi pale ushahidi unapoiunga mkono. Kwa shimo dogo, kutoboa mfupa vizuri na kufuatilia mazoezi si tiba ya kimaskini.

Kijana wa miaka 20 aliyeumia goti leo ana nusu karne ya kutembea mbele yake. Anastahili daktari atakayemweleza kabla ya kumlaza mezani kwamba tunaweza kumpunguzia maumivu na kumwongezea miaka ya kazi, lakini hatuwezi kumrudishia gegedu alilozaliwa nalo. Anastahili pia mfumo utakaomwita tena baada ya miaka 15 na kupima kama tulichomwahidi kimetimia.