NJIA NI YA WOTE
Wajibu wa Mkristo katika kusimamia barabara na mapito ya vijiji

Mada iliyotolewa na padre kwa viongozi wa Halmashauri za Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, katika semina ya Haki na Amani



Ndugu zangu wapendwa, huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona semina ya Haki na Amani ikizungumzia mifereji, kalavati na vichochoro. Mngetazamia mada ya uchaguzi, au ya ndoa, au ya malezi ya vijana. Nawaomba mnivumilie. Kabla ya saa kuisha natumaini tutakubaliana kwamba katika kijiji kisicho na hospitali ya karibu, barabara ni sehemu ya hospitali. Na katika kijiji chenye wakulima, barabara ni sehemu ya bei ya mazao.

Mwaka mmoja wakati wa masika niliitwa usiku kumpelekea mgonjwa Mpako Mtakatifu. Mgonjwa alikuwa mama mjamzito ambaye uchungu wake ulikuwa umekwama. Nilikutana na watu wake njiani, wamembeba juu ya kitanda cha kamba, wamesimama kando ya maji. Kalavati lilikuwa limeziba, mto mdogo ukapanda juu ya barabara, na gari lililokuja kumchukua lilikuwa limesimama ng'ambo ya pili. Tulisubiri mpaka karibu na alfajiri. Mama alipona. Mtoto hakupona. Siku ya maziko watu wengi walisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Mimi nilikuwa nimeliona lile kalavati. Lilizibwa na udongo wa shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mfereji, na na magogo ambayo hakuna aliyeyatoa tangu kiangazi. Tusimtwike Mungu mzigo ambao ni wetu.

1. Njia katika Maandiko Matakatifu

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, Mungu anawaagiza Waisraeli watenge miji ya makimbilio, ili mtu aliyeua bila kukusudia asiuawe kwa hasira kabla ya kuhukumiwa. Lakini Mungu haishii hapo. Anawaagiza pia waitengeneze njia ya kwenda katika miji hiyo. Jambo hili lina maana kubwa. Haki iliyoandikwa katika sheria, lakini isiyofikika kwa miguu, si haki kamili. Mtu angeweza kufa njiani akiwa na haki yake mfukoni.

Tena katika kitabu cha Hesabu, sura ya 20, Musa anamtumia mfalme wa Edomu wajumbe kuomba ruhusa ya kupita. Anaahidi kwamba watu wake watafuata barabara kuu, hawataingia mashambani wala katika mizabibu, na maji watakayokunywa watayalipia. Edomu akakataa, akatoka na jeshi. Hapa tunaona pande mbili za haki ya njia: mpita njia ana wajibu wa kutoharibu, na mwenye shamba ana wajibu wa kutomfungia mwenzake dunia.

Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 69, walifundisha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya watu wote. Mali ya mtu binafsi ni halali, nayo Kanisa huitetea. Lakini inabeba deni kwa jamii. Njia ni mahali ambapo deni hilo huonekana kwa macho.

2. Nani msimamizi wa barabara zetu?

Watu wengi husema tu, "serikali". Lakini serikali ina ngazi nyingi, na asiyejua mlango wa kubisha hubisha ukuta.

Barabara kuu na barabara za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, zile zinazounganisha vijiji na kata, zilikuwa mikononi mwa halmashauri hadi mwaka 2017, ulipoundwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kueleweka: halmashauri nyingi zilikuwa na wahandisi wachache, na fedha za barabara zilitawanyika. Lakini tangu mwanzo madiwani na wabunge wengi walilalamika wazi kwamba diwani anaulizwa na wananchi habari za barabara asiyoipangia wala kuisimamia.

Tutazame pia fungu lenyewe. Fedha za matengenezo hutoka hasa katika Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Kila anayepanda basi au kununua sukari iliyoletwa kwa lori ameuchangia. TARURA ilipoanza, mgawo wa Mfuko ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Lakini mtandao wa TARURA umehesabiwa kuwa zaidi ya kilomita 144,000, na ule wa TANROADS zaidi ya kilomita 36,000. Ni kweli kwamba barabara kuu hubeba magari mazito na hugharimu zaidi kwa kila kilomita. Hata hivyo tofauti hiyo ilionekana, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Basi, ndugu zangu, fedha hizo si sadaka ya mtu. Ni zetu, na mwenye mali ana haki ya kuuliza hesabu.

3. Kanuni ya auni na wajibu wa kusimamia

Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Moja, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alifundisha kanuni ambayo leo tunaiita kanuni ya auni. Maana yake ni hii: jambo ambalo jumuiya ya chini inaweza kulitenda vema, ya juu isiinyang'anye, na pale ya chini inaposhindwa, ya juu iisaidie, isiimeze. Wahenga wetu walilijua jambo hilo kwa namna yao waliposema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi anajua kupima mteremko. Lakini ni mama anayepita kila siku na mzigo kichwani ajuaye maji husimama wapi.

Katiba ya nchi yetu nayo, katika ibara ya 146, inasema kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Historia imetufundisha thamani ya maneno hayo. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, na ilibidi sheria za mwaka 1982 zizirudishe, maana maendeleo yaliyopangwa mbali na watu hayakusimama.

Kwa hiyo kuwapo kwa wakala hakumwondolei diwani wajibu wake, wala hakutuondolei sisi wetu. Meneja wa wakala wa wilaya huitwa mbele ya Baraza la Madiwani kueleza mipango na kazi. Diwani aliyekwenda na orodha iliyopitishwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, yenye jina la barabara, mahali palipokatika na tarehe, atasikilizwa kuliko yule aliyekwenda na malalamiko ya jumla. Na orodha hiyo haiwezi kupatikana ikiwa sisi hatuendi kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nawauliza bila kuwaaibisha: ni lini mara ya mwisho mlihudhuria?

Usimamizi unahitaji pia ujuzi mdogo. Barabara ya changarawe haiuawi na magari kwanza; huuawa na maji. Ikiwa mgongo wake umebaki juu katikati, mitaro ya pande zote mbili i wazi, na kalavati linapitisha maji, barabara hiyo itadumu. Ikichongwa na greda bila kushindiliwa, au ikabaki bapa kama sakafu, mvua za kwanza huigeuza kuwa mto. Mnapoona kazi inafanyika, tazameni mambo hayo. Ulizeni mkandarasi ni nani, urefu wa kazi ni kilomita ngapi, makalavati ni mangapi, na kazi itakamilika lini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa hizo katika ofisi ya umma, na kujibiwa si zaidi ya siku 30. Andikeni barua kwa adabu, mtunze nakala.

4. Haki ya mapito

Sasa naja kwenye jambo linalotugusa wenyewe zaidi. Si kila njia ni barabara. Kuna njia ya kisimani, njia ya shuleni, njia ya makaburini, na mapito ya mifugo. Nyingi hazimo katika ramani yoyote. Ziliishi katika kumbukumbu za wazee na nyayo za watu. Leo ardhi inauzwa, mipaka inawekwa, na aliyenunua jana huzungushia uzio njia ya miaka hamsini.

Nalazimika kuungama hapa mbele yenu. Parokia moja niliyoitumikia ilizungushia uzio shamba lake kuzuia wizi wa mahindi. Nia haikuwa mbaya. Lakini uzio ule ulifunga njia ya mtoni, na wanawake wa kitongoji wakaanza kuzunguka mbali na ndoo zao. Hakuna aliyekuja kulalamika, kwa sababu aliyefunga alikuwa Kanisa. Baada ya miezi kadhaa mzee mmoja, asiye Mkristo, alikuja akaniambia kwa upole, "Baba, sisi tulifikiri njia hii ninyi mnaijua." Niliona haya. Tuliufungua uzio, tukaacha upana wa kupita watu na ng'ombe, tukapanda michongoma pande zote mbili. Wizi haukuongezeka. Tangu siku ile sithubutu kuwahubiria viongozi wa serikali juu ya haki ya njia kabla sijatazama uzio wangu.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua haki za njia, za mtu katika ardhi ya jirani na za jumuiya nzima. Kijiji nacho, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, kinaweza kutenga mapito katika mpango wake wa matumizi ya ardhi, na kutunga sheria ndogo zinazopata kibali cha halmashauri ya wilaya. Mgogoro ukitokea, mlango wa kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake kwa uchache. Kazi yake ni kupatanisha. Huo ni utume wa Kikristo kabisa, na ningependa kuona walei wetu wakikubali kuutumikia.

Kwa upande mwingine, mwenye shamba naye asionewe. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani alivunja sheria. Lakini aliyekuwa nje yake kihalali, kisha mpaka ukamfuata alipo, huyo ana haki ya fidia ardhi yake inapotwaliwa. Na Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Tukumbuke shamba la mizabibu la Nabothi. Mfalme Ahabu naye alikuwa na sababu nzuri ya kulitaka: lilikuwa karibu na nyumba yake.

5. Tufanye nini?

Kwanza, kila Jumuiya itembee njia za eneo lake kabla ya masika, pamoja na majirani wa dini zote, na kuandika penye hatari. Pili, tuzibue mitaro iliyo mbele ya mashamba yetu, na tuache kulima hadi ukingoni. Tatu, tuhudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji, tudai taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na hoja ya barabara iandikwe katika muhtasari. Nne, wazee wasimulie mapito ya zamani, nayo yaandikwe katika mpango wa kijiji wangali hai. Tano, tusikubali kununuliwa kwa ahadi ya greda wakati wa kampeni. Barabara inayochongwa mwezi wa uchaguzi tu imechongwa kwa ajili ya mgombea.

Msisubiri mwanzo mkubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na asiyetoa gogo kwenye kalavati siku moja atabeba jeneza dogo. Mimi nilishika pembe moja ya jeneza lile, nami sijalisahau.

Mungu awabariki, na awafungulie njia ili nanyi muwafungulie wengine.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika eneo letu kuna njia iliyofungwa? Nani ameumia kwa kufungwa kwake? Je, kati yetu yupo aliyeifunga?
2. Ni kipande gani cha barabara hukatika kila masika, na ni nini hasa chanzo chake?
3. Ni nani kati yetu atakwenda kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji ujao, na atasema nini kwa niaba yetu?