Fedha Iliyookoa Sauti za Kale

Jioni hii twapenda kunena habari za muziki wa kale wa Ulaya, na fedha iliyouokoa.

Bwana Arnold Dolmetsch alizaliwa Ufaransa mwaka 1858, kisha akakaa Uingereza. Aliona ya kuwa nyimbo za zamani zimo vitabuni, bali ala zake zimekwisha kusahauliwa. Mwaka 1919 filimbi yake ya kale ilipotea katika stesheni ya Waterloo, London. Naye akakereza nyingine. Mwaka 1925 yeye na jamaa zake wakaanzisha tamasha mjini Haslemere.

Lakini sifa hazishibishi. Ala ya namna hii yataka mti uliokauka, vipimo halisi, na sauti kujaribiwa mara nyingi. Na siku zote hizo fundi hauzi kitu. Basi mwaka 1928 rafiki zake waliunda chama cha kuitegemeza kazi yake kwa fedha. Alipofariki mwaka 1940, kazi haikuzikwa naye.

Twajifunza nini? Maandiko hayalii, hulia ala, nayo yataka fundi, na fundi ataka riziki. Apendaye sauti za wazee na amsaidie fundi angali hai.