Kiha Katika Nyumba Zetu



Sisi makarani twaandika kila siku. Je, ni nani hapa Mwandiga aliyekwisha kuandika ukurasa mmoja wa Kiha? Mwaka 2004 bibi wa Ufini, Lotta Harjula, alitoa kitabu cha sarufi ya Kiha. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nacho kilichapwa Ujerumani. Namshukuru sana, lakini wazazi wetu hawawezi kukisoma.

Hatukuzuiwa na mtu. Kiswahili kilifanywa lugha ya shule za msingi mwaka 1967, nami sina ugomvi nacho, maana ndicho kinilishacho. Tena Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yahimiza kamusi na sarufi za lugha za asili ziandikwe. Kosa limo nyumbani mwetu. Mama yangu ajapo kutoka Kasulu, mimi huwa mkalimani kati yake na mwanangu. Na hayo, mabwana, ni aibu yangu mwenyewe.

Basi naomba kila mmoja achukue daftari, aketi na mzee, aandike majina ya ng'ombe, ya nyasi na ya dawa. Watoto nao wawepo, kwa kuwa Kiha hutenga maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na herufi zetu hazionyeshi hayo. Daftari langu nitalileta katika mkutano ujao.