Kutotia dawa si kilimo hai

Tangawizi mnayochemshia chai hapa mjini huenda imeteremka kutoka milima ya Upare, wilayani Same. Ukimwuliza mkulima wa Mamba Miamba, Mpinji au Bombo kama anatia shambani mbolea ya chumvichumvi, wengi watakujibu kwamba hawatii. Dawa ya kupulizia je? Hawapulizii. Basi wewe wa mjini, uliyesoma kwenye pakiti za madukani maneno kama "asilia" na "hai", utasema: kumbe watu hawa wameshafika! Wanalima kilimo hai, na Ulaya wanakihitaji kwa bei ya juu. Kwa nini basi hawatajiriki?

Jibu langu ni kwamba hawajafika. Kutotia dawa si kilimo hai. Mara nyingi ni kukosa fedha za kununulia dawa, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo ninayotaka kuizungumzia juma hili.

Nianze na udongo. Tangawizi ni mmea mlafi. Inataka udongo wenye rutuba, na wakati wa kuvuna huchimbuliwa yote, shina na mizizi, udongo ukabaki umetifuliwa kama uliolimwa kwa ajili ya kuchukuliwa na mvua. Katika shamba la tambarare hilo lina nafuu. Katika miteremko ya Upare ya Mashariki, ambako mtu hulima huku ameegemea jembe asiteleze, mvua ya vuli ikipiga baada ya mavuno udongo huondoka. Mkulima akirudisha tangawizi mahali palepale mwaka wa pili na wa tatu, bila samadi, bila kupumzisha, kwa mbegu alizotoa shamba lile lile, huanza kuona vidole vikipungua na mashina yakioza. Ugonjwa wa kuoza hukaa udongoni na husafiri na mbegu. Ukishaingia, hauna tiba ya haraka, iwe ya dukani au ya kienyeji.

Mkulima huyu hajatia hata punje moja ya kemikali, lakini anakula mtaji wa shamba lake kila msimu. Hicho si kilimo hai hata kidogo.

Novemba 2009 udongo uliporomoka huko huko Mamba Miamba ukaua watu zaidi ya 20. Sisemi tangawizi ndiyo iliyoua. Mvua ilikuwa kubwa na milima ile ni mikali. Nasema tu kwamba pale, habari ya kushika udongo haihusu mavuno peke yake.

Kilimo hai chenyewe ni kazi. Ni kuchimba makinga maji na kupanda majani ya ng'ombe kwenye kingo zake. Ni kubadilisha mazao: leo tangawizi, kesho maharage, halafu mahindi. Ni kutengeneza mboji na kuigeuza, na kubeba samadi kutoka zizini hadi shambani. Wapare wa mlimani hufuga ng'ombe wachache bandani, na njia ya kwenda shambani ni ya miguu. Samadi hiyo hubebwa kichwani, debe moja moja, na mbebaji kwa kawaida ni mama. Wataalamu wanaokuja na vipeperushi vya kusifu mboji sijaona wakiweka hesabu ya shingo ya mama huyu katika gharama za uzalishaji.

Aidha, mwelekeo wa serikali kwa muda mrefu ulikuwa upande mwingine. Agosti 2022, bei za mbolea zilipopaa duniani kutokana na vita vya Ukraine, serikali ilizindua ruzuku kubwa ya mbolea, na kwa mkulima wa mahindi wa Mbeya ule ulikuwa msaada wa kweli. Hapa hapa Same, wakulima wa mpunga wa skimu ya Ndungu, chini ya milima hiyo hiyo, wanaijua vizuri thamani ya mfuko wa mbolea. Lakini anayebeba samadi kichwani anapewa ruzuku gani? Ilipofika Novemba 2023 ndipo Tanzania ilipozindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai, unaokwenda hadi 2030. Ni hatua njema. Ninachosubiri kuona ni bwana shamba wa kata aliyefundishwa mboji kwa kiwango kile kile alichofundishwa urea.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo fedha zilipojificha. Nchi yetu si ngeni katika biashara hii. Pamba hai ya Meatu ilianza kulimwa miaka ya 1990, na kahawa, viungo na korosho vikafuata. Chama cha kilimo hai nchini, TOAM, kiliundwa 2005, na 2007 nchi za Afrika Mashariki zikapitisha kiwango chao cha pamoja na alama yake, Kilimohai. Takwimu za kimataifa za katikati ya miaka ya 2010 ziliihesabu Tanzania kuwa na wakulima wa kilimo hai waliothibitishwa zaidi ya 140,000, miongoni mwa nchi za mbele kabisa barani Afrika.

Lakini cheti ni cha nani? Kukaguliwa kwa ajili ya soko la Ulaya hugharimu maelfu ya dola kila mwaka, na mkulima wa ekari moja hawezi. Kwa hiyo mara nyingi mnunuzi wa nje ndiye hulipa, na cheti huandikwa kwa jina lake. Mkulima ana kazi yote ya kilimo hai, lakini siku mnunuzi huyo akifunga ofisi au akitaja bei ya kudhalilisha, mzao ule ule, kutoka shamba lile lile, unarudi kuwa tangawizi ya kawaida tu, wa kupimwa kwa lumbesa kando ya barabara. Mimi hilo naliona ndilo kosa kubwa kuliko yote katika biashara hii.

Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Januari 2022, imelitikisa jambo hili. Kikundi cha wakulima hakitakiwi kuzidi wanachama 2,000, na lazima chenyewe kiwe chombo kinachotambuliwa kisheria. Wengi wamelalamika, na wana haki, kwa sababu kuvunja vyama vikubwa na kusajili upya ni gharama. Hata hivyo kuna upenyo. Kikundi kikiwa na usajili wake na orodha yake, kinaweza kuanza kudai kwamba na cheti kiwe chake.

Je, Upare wanaweza kuendesha kikundi cha namna hiyo? Hapo sina wasiwasi. Hawa ndio watu ambao 1945 waliteremka kwa maelfu hadi bomani Same kupinga kodi ya mbiru, kwa sababu namna ya kuikadiria haikueleweka. Na kabla ya mkoloni walikuwa na ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani. Ukifika Bangalala, upande wa magharibi wa milima, utaona ndiva bado inaendeshwa kwa zamu. Anayejulikana kuwa mwanachama hupata maji, anayeiba zamu hutozwa faini, asiyekwenda kuzibua tope huulizwa. Wakaguzi wa Ulaya huita kitu kama hicho mfumo wa udhibiti wa ndani, na wanalipisha semina ya siku tatu kuufundisha.

Kwa maoni yangu wakulima wa tangawizi wangeanzia nyumbani kabla ya Ulaya. Alama ya Kilimohai inaweza kupatikana kwa wakulima kukaguana wenyewe kwa utaratibu maalumu, kwa gharama ndogo kuliko ya mkaguzi wa kigeni. Tatizo lililobaki liko huku kwetu mjini. Tunalipa zaidi kwa kuku wa kienyeji kwa kumtazama miguu tu, lakini kidole cha tangawizi hakina miguu ya kutazamwa. Muuzaji wa sokoni Kariakoo hachanganui magunia. Ya mteremko uliotunzwa na ya mteremko uliochakaa yote humwagwa fungu moja. Hata kiwanda cha kusindika kilichojengwa Mamba Miamba kinaweza kukausha na kusaga, hakiwezi kurudisha kumbukumbu ya shamba ambayo haikuandikwa wakati wa kupanda. Anayetaka kuuza kwa alama msimu ujao itambidi aanze kuandika msimu huu: alipanda nini, wapi, kwa mbegu ya nani, na samadi madebe mangapi.