Bei ya Bima ya Nyumba



Tukiletewa karatasi mbili za bima ya nyumba, moja ya shilingi 80,000 kwa mwaka na ya pili ya 120,000, wengi wetu twaishika ile ya kwanza kwa furaha. Lakini yatupasa kwanza tutazame fedha zinazokingwa. Ikiwa ya kwanza yakinga milioni 20, na ya pili milioni 40, basi ya kwanza yatutoza shilingi 4 katika kila elfu, na ya pili 3 tu.

Tena liko jambo zito zaidi. Tuseme kuijenga nyumba upya kwahitaji milioni 40, nasi tumeandikisha 20. Jikoni pakaungua, hasara ya milioni 4. Kwa desturi ya bima tutalipwa milioni 2, kwa kuwa tuliikinga nusu ya nyumba. Naye aliyetia thamani ya kiwanja katika hesabu alipa bure kila mwaka, maana ardhi haiungui.

Si kila bei kubwa ni dhuluma. Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, Nicholas Barbon alianzisha bima ya moto, akatoza nyumba za mbao maradufu ya zile za matofali. Nasi wenye paa la makuti tusishangae.

Basi tuulize: mafuriko yamo? Wizi je? Na katika kila hasara, kiasi gani cha kwanza ni juu yetu? Majibu tuyatake kwa maandishi, kabla ya kutia sahihi.